Nani Kafeli? Historia ya Kifaa Kipya na Majibu ya Zamani

Najua nimepotea. TP ilinimeza mzima mzima, na niliporudi chuo nikakuta asaimenti tatu zimenikalia mlangoni kama mdai. Leo siongelei bumu wala foleni ya chakula. Nataka kuandika historia kidogo, ndiyo niliyokuja kusomea, ila hii ni historia ya mashine. Na naanzia Kasulu.

Kule Kasulu nilikofanyia mazoezi ya kufundisha nilipewa Historia kidato cha tatu. Halafu kwa vile mimi ndiye kijana pekee niliyekuwa natembea na laptopu, nikabebeshwa na somo la kompyuta kidato cha pili. Nikakabidhiwa funguo za chumba na faili la maswali lenye majibu yake. Wiki ya nne nikawapa mtihani, nikakaa usiku na peni nyekundu, nikasahihisha kwa kufuata faili. Swali moja lilitaka vifaa viwili vya kuhifadhia kazi, maki nne. Majibu ya faili: flopi na CD. Darasa zima likaanguka hapo.

Asubuhi binti mmoja, mwenyeji wa Kibondo anayeishi kwa shangazi yake pale Kasulu, akanifuata na karatasi. "Sir, naomba kuuliza. Nimeandika flashi na memori kadi, umenikosesha. Baba yangu ana kibanda Kibondo, anaingiza nyimbo kwenye memori kadi kila siku. Kwani zile nyimbo zinakaa wapi?"

Jamani. Nilikosa pa kuficha uso.

Niliporudi chuo nikamsimulia jamaa yangu wa chumba cha jirani, anasoma mambo ya kompyuta, yuko mwaka wa mwisho. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Ticha, hiyo ndiyo kazi yangu ya wiki mbili sasa hivi." Akanigeuzia skrini. Mistari myekundu tupu: imefeli, imefeli, imefeli. Alikuwa ameongeza kifaa kimoja kwenye mashine pepe na majaribio yakawa yanaanguka kama darasa langu. Swali lake ni lile lile langu: kifaa kipya ndicho kibovu, au karatasi ya majibu ndiyo ya zamani?

Tuelewane kwanza. Mashine pepe ni kompyuta isiyo na chuma. Ni programu inayoigiza kompyuta nzima ndani ya kompyuta nyingine: ina kumbukumbu yake, diski yake, kadi yake ya mtandao. Mfumo endeshi unaowekwa ndani unadhani uko kwenye mashine halisi. Unaiuliza kadi ya mtandao, "Wewe nani?", na mahali pa kadi kuna msimbo umekaa unajibu vile vile ambavyo kadi halisi ingejibu. Kwa hiyo "kuongeza kifaa" maana yake ni kuandika msimbo unaojua kujibu. Na majaribio ni maswali yaliyoandikwa zamani, kila moja na jibu linalotegemewa. Sisi walimu tunaita mwongozo wa kusahihisha.

Nilidhani haya ni mambo ya juzi. Kumbe mashine pepe zimewazidi umri wazazi wetu wengi. Mwaka 1965, wakati Wizara yetu ya Fedha inaweka kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500, watu wa IBM katika kituo chao cha Cambridge, Massachusetts, Marekani, walikuwa wanajenga mfumo ulioitwa CP-40 chini ya Robert Creasy. Ulianza kutumika Januari 1967. Mashine moja ya chuma ilijigawa kuwa mashine pepe 14, kila mtumiaji akijiona ana kompyuta yake. Mrithi wake akaitwa CP-67.

Hapa ndipo kuna kisa nilichokipenda kuliko vyote. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 IBM walikuwa wanatengeneza mashine mpya, System/370 yenye kumbukumbu pepe. Chuma chenyewe hakijawa tayari. Vijana wa Cambridge, wakishirikiana na wahandisi wa Endicott, New York, wakaongeza kwenye CP-67 uwezo wa kuigiza mashine hiyo ambayo bado haipo. Na ilikuwa siri ya kampuni, wakati wanafunzi wa vyuo vya jirani, kina MIT na Harvard, walikuwa wanatumia kompyuta hiyo hiyo ya Cambridge! Mnajua wanafunzi tulivyo na pua. Basi wakaificha ile 370 ya kuigiza ndani ya mashine pepe nyingine, mashine ndani ya mashine ndani ya mashine, ili mwanafunzi asije akaikanyaga kwa bahati mbaya. Wakaandika na mfumo wa kuendesha humo, ukafanya kazi muda mrefu kabla chuma hakijawaka.

Siku ikafika. Kwa simulizi ya Lynn Wheeler, aliyekuwa mmoja wao pale Cambridge, mfumo ule ukapelekwa kujaribiwa kwenye 370/145 ya wahandisi. Ukaanguka. Sasa wewe ungesema nini? Mimi ningesema bila kufikiri: maigizo yamekosea, chuma ndiyo ukweli. Wakachunguza. Wakakuta wahandisi wamezigeuza amri mbili kwenye chuma, namba ya hii wamempa yule na ya yule wamempa huyu. Mashine halisi ndiyo iliyokosea, ile ya kuigiza ilikuwa sahihi kwa mujibu wa maandishi ya muundo. Wakaurekebisha mfumo kwa muda ufuate chuma kilivyo, ukawaka.

Nimekaa na kisa hiki siku kadhaa. Jaribio likifeli, watuhumiwa ni zaidi ya mmoja: kifaa, karatasi ya majibu, hata ile mashine kubwa ambayo hakuna anayethubutu kuinyooshea kidole.

Agosti 1972 IBM wakaitangaza kumbukumbu pepe ya 370 pamoja na VM/370, mfumo wa mashine pepe wa kuuza kwa wateja. Mwaka huo huo kwetu Kigoma kulikuwa na Operesheni Kigoma, watu wanahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg wakachapisha masharti ambayo mashine ikiyatimiza inaweza kuigizwa kwa uhakika, na mpaka leo wanafunzi wa kompyuta wanayakariri. Na mwaka huo huo wa 1974 serikali yetu ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya jaribio la kuweka hesabu za serikali kwenye kompyuta kuleta vurugu. Mimi mwanahistoria wa mafungu siwezi kupita hapa bila kusimama. Jaribio lilifeli, tukaondoa kifaa. Hasara ilikuwa ya kweli, sipingi. Ila mwaka ambao wenzetu wanaandika kanuni za kuigiza kompyuta nzima, sisi tulikuwa tumezifungia mlango, na zuio lile halikulegezwa kwa siku mbili.

Niruke haraka sasa. Kompyuta ndogo za mezani zilikuwa na ubishi, chipu zake hazikutimiza masharti ya Popek na Goldberg. VMware, iliyoanzishwa 1998, ikapata ujanja na kutoa programu yake 1999. Kwenye vifaa walifanya jambo la akili ya kawaida kabisa: kadi yao ya mtandao ya pepe waliiigiza kutoka kadi ya AMD iliyokwisha zoeleka, maana mifumo endeshi ilikuwa na draiva zake tayari. Mwaka 2003 Mfaransa Fabrice Bellard akaanza QEMU, programu huria. Mwaka 2006 Avi Kivity wa kampuni ya Qumranet akatangaza KVM, na Februari 2007 ikatoka ndani ya kerneli ya Linux. Wakati huo huo Rusty Russell akaleta virtio, yaani kifaa kisichoiga chuma chochote cha duniani. Kimezaliwa pepe. (Kwa wanaosema mambo haya hayaandikiki kwa Kiswahili: mwaka 2004 wenzetu wa mradi wa Kilinux hapa Mlimani walitoa Jambo OpenOffice, Kiswahili mwanzo mwisho. Kwa hiyo tusidanganyane.)

Tumrudie jamaa yangu. Ndani ya QEMU kuna kifaa kinaitwa edu. Ndiyo, edu kama sisi wa elimu! Kiliandikwa kwa ajili ya masomo ya kerneli ya Linux katika Chuo Kikuu cha Masaryk, nchi ya Cheki, ili wanafunzi wapate kitu cha kuandikia draiva bila kununua chuma. Unakipa namba, kinakurudishia faktoria yake. Basi jamaa akakidesa, akakibadilisha, akatengeneza chake. Kikawaka, akafurahi, akaendesha majaribio yote kwa pamoja. Ndiyo ile mistari myekundu.

Kundi la kwanza la kufeli lilikuwa kosa lake mwenyewe. Kuna jaribio linalopita kwenye kila kifaa kilichomo QEMU, linakiunda bila kukichomeka popote, linakiuliza sifa zake, linakitupa. Kama mkaguzi anayeingia darasani, anamsimamisha mwanafunzi, anamuuliza jina, anamwambia kaa. Kifaa cha jamaa, kikiundwa tu, kilikuwa kinaanza kazi pale pale kabla hakijachomekwa. Kikiulizwa jina kinaanza kufua nguo! Programu ikazimika. Hapo huwezi kulaumu karatasi ya majibu. Akahamisha ile kazi kwenye hatua inayokuja baada ya kuchomekwa, wekundu ukapungua.

Kundi la pili ndilo lililomla wiki. Mashine inapowaka huupa mfumo endeshi majedwali yanayoitwa ACPI, kama kondakta anavyokuwa na orodha ya mizigo: hiki kipo hapa, kile kipo pale. QEMU inayo jaribio linalowasha mashine pepe, linakusanya majedwali hayo, linayalinganisha na nakala zilizohifadhiwa, baiti kwa baiti. Tofauti moja tu, umefeli. Jamaa alikuwa ameagiza kifaa chake kichomekwe kila mashine inapowaka. Orodha ikaongezeka mzigo. Jaribio likakataa.

Ipo njia ya mkato, na kila mtu anaijua. Kuna amri ndogo inayoyaandika upya majibu yanayotegemewa kutoka kwenye kile programu inachotoa leo. Hata libvirt, programu ya kusimamia mashine pepe iliyoanza 2005, ina swichi ya namna hiyo: unaiwasha, unaendesha majaribio, majibu yote yanajiandika upya. Kesho yake kila kitu kimepita. Ni sawa na kumpa mwanafunzi aliyefeli peni nyekundu na kumwambia atunge mwongozo kutoka kwenye karatasi yake.

Swichi yenyewe haina kosa, inahitajika, maana dunia inabadilika kweli na majibu lazima yafuate. Ila watu wa QEMU wameizungushia utaratibu ambao mimi kama mwalimu mtarajiwa nimeuvulia kofia. Ukitaka kubadilisha majedwali unagawa kazi yako hatua tatu. Kwanza, kabla hujagusa chochote, unatangaza kwenye orodha maalumu: majedwali haya na haya nategemea yatabadilika. Pili unafanya badiliko lenyewe. Tatu ndipo unaweka majibu mapya, unaifuta ile orodha, na kwenye maelezo unaonyesha tofauti ya zamani na mpya kwa lugha inayosomeka na binadamu, mstari kwa mstari. Atakayekagua anaona: alitegemea kibadilike hiki, kimebadilika hiki hiki, hakuna kingine. Kikibadilika ambacho hukukitangaza, una kesi.

Jamaa alipojaribu kuandika tangazo lake akakwama. Angeandikaje? "Nategemea kila mashine pepe ya kila mtu duniani ipate kifaa cha mwanafunzi mmoja wa Dar"? Hapo ndipo akaona. Kuna watu wana mashine pepe zilizowashwa miaka mingi iliyopita, na QEMU inawatunzia aina za mashine zenye namba za matoleo, ili ukipata QEMU mpya mfumo wako wa zamani uendelee kuona vifaa vile vile ulivyovizoea. Jaribio lilikuwa linamwambia ukweli kuwa ameingia nyumba za watu. Akakitoa kile kifaa kwenye kuchomekwa kwa lazima, kikawa cha kuombwa tu, anayekitaka akitaje. Majedwali yakarudi kama yalivyokuwa. Karatasi ya majibu haikuguswa hata baiti moja.

Sasa msije mkadhani majaribio ni msahafu. Mwaka 2004 QEMU iliongezewa kifaa cha flopi. (Flopi tena, inanifuata.) Ndani yake kulikuwa na kosa: baadhi ya amri zilikuwa hazirudishi kihesabio mwanzo, hivyo aliye ndani ya mashine pepe angeweza kumimina data mpaka ikafurika nje ya chombo chake cha baiti 512, na pengine akatoroka kabisa na kuingia kwenye mashine mwenyeji. Lilikaa pale miaka 11. Majaribio yalipita siku zote hizo kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza swali hilo. Mei 2015 Jason Geffner wa CrowdStrike akalitangaza, likapewa jina VENOM, na kwa kuwa Xen, KVM na VirtualBox zote zilikuwa zimerithi msimbo ule ule wa flopi, wote wakakimbizana kuziba. Na hata ukiiondoa flopi kwenye mashine yako, kwenye Xen na QEMU kosa jingine liliuacha ule msimbo ukiendelea kupumua. Kifaa ambacho watu walishakisahau ndicho kilichoacha mlango wazi.

Na kwa sisi wa elimu kuna mfano wa nyumbani. Februari 2013 yalitoka matokeo ya kidato cha nne ya 2012, zaidi ya nusu ya watahiniwa wakapata sifuri. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, na Mei 2013 serikali ikatangaza kuyafuta ili yapangwe upya kwa utaratibu wa mwaka 2011. Nilikuwa shule ya msingi lakini nayakumbuka majirani Kibondo wakibishana barazani. Mtazamo wangu ni huu, na mnaruhusiwa kunipinga: kubadilisha madaraja kuliweza kuwa haki, kwa sababu kipimo chenyewe kilikuwa kimebadilishwa mwaka ule, na aliyebadilishiwa kipimo hana kosa. Lakini madaraja mapya hayakumfundisha mtoto yeyote kitu alichokuwa hakijui. Ni makosa mawili tofauti, kila moja linataka fundi wake, na kwenye mijadala ya siku zile yalichanganywa sufuria moja.

Haya, nimalizie Kasulu, maana sijawaambia yote.

Baada ya yule binti kunifumbua macho nilipata aibu, na aibu ikanifanya nikimbilie swichi. Nikachukua karatasi ya mwanafunzi bora wa darasa, nikaifanya ndiyo mwongozo, nikasahihisha upya karatasi 43 usiku mmoja. Wakafaulu wengi, nikalala vizuri. Wiki iliyofuata kijana mmoja mkimya wa nyuma akaniletea yake. Swali liliuliza kazi uliyokuwa unaandika, iliyoko kwenye RAM na hujaihifadhi, inakuwaje umeme ukikatika. Yeye aliandika inapotea. Nilimkosesha! Maana yule bora aliandika inabaki salama, na mimi sikusoma, nilikuwa nalinganisha tu. Kasulu hiyo hiyo, mkoa ulioanza kuunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2022 baada ya miaka ya jenereta za dizeli. Umeme kukatika ukiwa katikati ya sentensi pale mtoto yeyote anakijua.

Kwa hiyo wiki ya mwisho ya TP nilikaa chini mara ya tatu. Niliandika pembeni maswali ambayo nadhani majibu ya faili yamepitwa na wakati, yakawa mawili tu. Nikayatafutia kitabu. Mengine yote nikayaacha kama faili lilivyosema, na waliokosa wakakosa. Yule bora alishuka, akaninunia siku mbili. Kijana wa nyuma akapata haki yake.

Kwenye swali la vifaa vya kuhifadhia sikuifuta flopi. Nilichora mstari chini yake, nikaongeza flashi na memori kadi kwa peni nyekundu, nikaweka tarehe na sababu, ili mwalimu atakayelikuta faili ajue nani kabadilisha na kwa nini. Binti wa Kibondo akapata maki zake nne. Akaziangalia, akaniuliza, "Sir, wewe flopi umewahi kuiona?"

Nikamwambia ukweli. Sijawahi.